Saa ya kutolewa damu iandikwe kwenye karatasi ya majibu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wanaume wa umri wangu hulinong'ona barazani na kulikanusha wakifika nyumbani, nalo ni sindano za homoni ya testosteroni, hizo zinazosifiwa kuwa zinarejesha nguvu za kiume. Sikusudii kuzipiga vita, kwani wapo wagonjwa wanaozihitaji kikweli. Hofu yangu ni kwamba mtu anaweza kuanzishiwa dawa ya miaka mingi kwa kutegemea kipimo kimoja tu kilichochukuliwa wakati usiofaa, kama ilivyokaribia kunitokea mimi.

Ni mwalimu wa sayansi, nina umri wa miaka 57, na makaazi yangu ni Wete. Kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa nachoka kupita kiasi. Nikirudi skuli nalala hadi sala ya Alasiri inakaribia kunipita, na hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imepungua kiasi cha mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, kuniuliza kama kuna jambo limeniudhi. Rafiki mmoja alinielekeza kwenye supu ya pweza. Mwingine aliniletea unga wa mizizi uliofungwa katika kipande cha gazeti (naomba radhi, sikuangalia kama lilikuwa lenu). Nilipoona hakuna linalosaidia, nilitoka nyumbani kabla ya alfajiri, nikapanda boti Mkoani, nikatapika njia nzima, na nilipoteremka Unguja nikala bakuli la urojo pale Darajani na kushushia kwa glasi mbili za juisi ya miwa. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda katika zahanati moja ya binafsi, na damu yangu ikatolewa saa tisa na robo alasiri.

Majibu yalitoka nanogramu 268 kwa desilita. Kijana aliyekuwa mezani aliizungushia namba ile duara kwa kalamu nyekundu, akanigeuzia karatasi niione vizuri, akasema kuwa homoni zangu zimekwisha na kwamba sindano ya kwanza naweza kuipata jioni ileile. Kusema kweli sikukataa kwa hekima yoyote. Fedha nilizokuwa nazo hazikutosha.

Kwa aibu nikaenda kesho yake kumwona daktari wa hospitali, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya nguvu zangu wala ndoa yangu. Aliuliza, "Mwalimu, damu hii ulitolewa saa ngapi?" Niligeuza karatasi mbele na nyuma, na saa haikuandikwa popote.

Swali hilo lina uzito. Testosteroni haikai katika kiwango kimoja mchana kutwa. Hupanda usiku mtu akiwa usingizini, huwa juu asubuhi, kisha huteremka kadiri jua linavyoteremka. Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa, na kwa sisi wazee ni ndogo zaidi lakini bado ipo. Chakula nacho, na hasa sukari, huishusha kwa saa kadhaa, na kukosa usingizi na maradhi ya ghafla hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mwongozo wa mwaka 2018 wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani, ambao unakichukulia kiwango cha chini ya nanogramu 300 kuwa ni upungufu, unataka vipimo viwili vya asubuhi mapema katika siku mbili tofauti, na unataka dalili ziwepo pamoja na namba. Wenzao wa taaluma ya homoni wanaongeza kwamba mtu awe hajala kitu. Mimi nilipimwa alasiri, nikiwa sikulala, nimetapika, na tumboni nina glasi mbili za miwa.

Nikalala kwa dada yangu Kikwajuni, na saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshakaa maabara na njaa yangu. Namba ikawa 391. Baada ya wiki mbili nikarudia, ikawa 412. Lakini katika damu hiyohiyo ilionekana sukari imepanda, nami sikuwahi kujua kama nina kisukari, na mke wangu alipoulizwa kwa simu alieleza kwa urefu, tena kwa furaha nisiyoielewa, jinsi ninavyokoroma na kukatika pumzi usiku. Uchovu wangu ulikuwa na sababu zake. Hata udhaifu wa tendo la ndoa, kwa wanaume wengi wa makamo, chanzo chake ni mishipa ya damu iliyoharibiwa na sukari, shindikizo la damu au sigara, na pengine huwa ni ishara ya mwanzo ya maradhi ya moyo. Ningechomwa sindano siku ile, huenda ningejiona nimepata nafuu kidogo, na sukari ingeendelea kunila kimyakimya.

Nisieleweke kuwa nasema maradhi hayo hayapo. Aliyepata matubwitubwi ukubwani yakamshukia kwenye korodani, aliyeondolewa korodani kwa upasuaji, mwenye uvimbe katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, hao mwili wao unaweza kushindwa kabisa kutengeneza homoni hii, na kuwanyima tiba ni kuwadhulumu. Ila kwa mzee ambaye kiwango chake kimeshuka kwa umri tu, ahadi zipunguzwe. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao testosteroni yao ilikuwa chini: hamu na uwezo wa tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi, lakini kwa uchovu, ambao ndio uliotupeleka wengi wetu kwa daktari, faida haikuonekana ya maana.

Kuna jambo moja ambalo sikuelezwa kabisa na kijana yule, na kwa jamii yetu naliona kubwa kuliko yote, nalo ni uzazi. Pituitari ndiyo inayoziamrisha korodani zifanye kazi, kama nokoa katika shamba la karafuu. Testosteroni ikiingia mwilini kwa sindano, nokoa huona magunia yamejaa, basi haiti mchumaji hata mmoja. Korodani hulala, husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua au hutoweka kabisa. Jambo hili limethibiti kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu dawa hii kuwa njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, zaidi ya nusu ya waliochomwa kila wiki walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Ukiacha dawa, kwa kawaida mbegu hurudi, lakini husubiriwa miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka.

Sasa tumchukue mwanamme wa miaka 50 aliyeoa mke wa pili, binti wa miaka 28, akataka asiaibike mbele yake, akaenda kuchomwa. Usiku mambo yakawa mazuri. Mwaka ukapita, miwili ikapita, mtoto hakuna, na sote tunajua mashaka huanza kwa nani. Binti atapelekwa kwa waganga, atanyweshwa dawa za chango, ataambiwa ana jini, na pengine atarejeshwa kwao na talaka yake, na muda wote huo mbegu zilizimwa kwa sindano anayojivunia mumewe. Kwa hiyo kabla ya bomba kufunguliwa, mwanamme aulizwe kama bado anataka watoto, na mkewe awepo akiulizwa. Akisema anataka, sindano hizi hazimfai, na zipo dawa nyengine ambazo daktari bingwa anaweza kuzifikiria.

Madhara mengine nitayataja kwa ufupi. Dawa hii huzidisha chembe nyekundu, na zikipita asilimia 54 ya ujazo wa damu husimamishwa, jambo ambalo halijulikani bila ya kupima mara kwa mara. Mwenye saratani ya tezi dume haanzishiwi. Kuhusu moyo, utafiti mkubwa wa mwaka 2023 uliofanywa kwa wanaume wapatao 5,200 haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, na hilo linatuliza. Lakini uliona zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu na matatizo ya figo. Na anayetumia ile ya kupaka ajifunike na anawe mikono kabla hajampakata mjukuu, kwani huambukizwa kwa kugusana ngozi.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo na halihitaji bajeti. Kila karatasi ya majibu ya testosteroni, iwe ya hospitali au ya zahanati ya mtu binafsi, iandikwe saa damu ilipotolewa na kama mgonjwa alikuwa amekula. Na kwa kuwa sisi wa Pemba boti hutufikisha Unguja jua limeshapanda, tuwekewe utaratibu wa kutolewa damu asubuhi hukuhuku kisiwani, tusilazimike kutafuta pa kulala. Si kila mtu ana dada Kikwajuni.

Wabillahi tawfiq,

Mwalimu wa sayansi,
Wete, Pemba.