Barua kwa mwanangu: redio ya setilaiti kwenye pikipiki yako

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika pamoja na picha za pikipiki. Mama yako amezitazama moja moja, akauliza lile boksi la nyuma linabeba nini, nikamwambia nguo na hema. Hapa Mwanza hatujambo, mvua zimeanza na barabara ya kushuka karakana imekuwa matope.

Umeuliza mambo mawili: namna ya kufunga redio ya setilaiti mwenyewe huko Marekani, na kama itasikika utakapoileta pikipiki nyumbani uzunguke nayo ziwa. Nianze na la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza.

Haitasikika. Setilaiti za SiriusXM, kampuni ya redio ya setilaiti ya huko, zilizotulia juu ya ikweta ziko upande wenu, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Moja iko longitudo 85 magharibi, sisi tuko 33 mashariki. Kwa mtu aliye hapa imezama chini ya upeo, dunia yenyewe imeikinga. Hata ukipanda na antena hadi juu ya Capri Point hutaipata.

Huku tuliwahi kuwa na ya kwetu. Mwaka 1998 kampuni ya WorldSpace, aliyoiasisi Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, ilirusha setilaiti ya AfriStar. Ilikaa longitudo 21 mashariki, kwa Mwanza ni karibu utosini. Vipokezi vyake vilitengenezwa na Hitachi, JVC, Panasonic na Sanyo, vikiwa na antena bapa ya kuelekeza juu, na sauti yake ilikuwa safi wakati redio za masafa mafupi zikikoroma. Oktoba 2008 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, na baadaye matangazo yakazimika. Naihuzunikia mpaka leo. Lilikuwa wazo la kumfikia mtu aliye mbali na minara, na watu hao ziwa hili limejaa: wako Ukara, wako Ukerewe, wako kwenye mitumbwi ya dagaa usiku.

Kwa kuwa huku haitasikika, nunua kipokezi kidogo kinachochomoleka, halafu umakini wako wote uuweke kwenye umeme. Kipokezi utakiacha huko. Waya, fyuzi na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, utakuja navyo, na hapa vitalisha simu au redio ya FM.

Umeme uchukue kwenye betri. Waya wa chanya uwe na fyuzi yake, na fyuzi ikae sentimita chache tu kutoka kwenye betri, si kule mbele kwenye usukani. Wengi wanadhani fyuzi ni ya kulinda redio. Inalinda urefu wote wa waya unaopita chini ya tangi la petroli. Waya ukichubuka katikati na fyuzi iko mwisho wa njia, hakuna cha kukata umeme. Kisha weka rilei, uiamshe kwa waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kwa mfano wa taa ya nyuma. Ukizima pikipiki, redio nayo izime. Betri ya pikipiki ni ndogo, na kipokezi kikiachwa kinanyonya siku kadhaa, starta inaweza kukugomea porini.

Hili ulishike kuliko yote: vipokezi vingi vya aina hiyo vinatumia volti 5, na pikipiki ikiwa inachaji inatoa kama volti 14. Adapta inayokuja na kipokezi ndiyo inayoushusha umeme huo. Usiikate ukaunga waya moja kwa moja eti inakula nafasi. Kama hutaki ionekane, funga soketi ya volti 12 chini ya kiti, ichomeke humo, uikaze kwa kamba za plastiki isicheze.

Athi, yaani waya wa hasi, irudishe kwenye hasi ya betri, usiifunge kwenye boliti yoyote ya fremu iliyo karibu. Redio na amplifaya zikipata athi sehemu mbili tofauti, unaweza kusikia mluzi unaopanda na kushuka na mizunguko ya injini. Watu hukimbilia kununua kichujio. Wewe kwanza zikutanishe athi sehemu moja, mara nyingi mluzi unaisha hapo hapo.

Viungio ubane kwa koleo, usilehemu. Najua umekua ukiniona nalehemu, lakini zile ni redio za mezani. Kwenye pikipiki kila kitu kinatikisika, na pale risasi ya kulehemu inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja na laini upande wa pili. Hapo ndipo unapokatikia. Ukishabana, vika mpira unaosinyaa kwa joto. Na kabla hujakaza kamba yoyote, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, uone waya haujavutwa wala kubanwa.

Antena ina sumaku, ila boksi lako ni la plastiki. Bandika kipande cha bati juu ya boksi, antena ikae hapo. Kitaishika na kitaisaidia kupokea. Ilale bapa, uso juu. Huko uliko setilaiti hizo ziko kusini, hivyo ukiwa unaelekea kusini na antena iko nyuma, mwili wako ndio utakaoikinga. Mimi ningeiweka mbele karibu na kioo cha upepo, na ukitaka ikae kwenye boksi, iinue ivuke mabega yako. Waya wake ukizidi, usiukate wala kuukunja kwa pembe kali. Uzungushe kwa duara pana. Ikikatika kwenye handaki au chini ya miti minene, usianze kufumua kazi nzuri. Mawimbi yale hayapenyi.

Kuhusu spika za helmeti, nakuomba kama mzazi. Upepo peke yake kwa mwendo wa barabara kuu unaumiza masikio, na ukipandisha redio iushinde unaongeza madhara juu ya madhara. Weka vizibo vya masikio, kisha sauti iwe ya kiasi cha kusikia honi. Huku utahitaji masikio hayo: tunaendesha kushoto, na Igoma bodaboda anakupita upande wowote anaoona nafasi.

Safari ya ziwa tutaipanga ukija: Magu, Bunda, Musoma, Sirari, Kisumu, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, Geita, halafu Sengerema. Hutangoja kivuko tena pale Busisi. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji. Nyimbo zipakie kwenye simu, kwa sababu vituo vya FM vitakuwa vinapokezana na katikati kuna ukimya. Ukikaribia nyumbani tafuta Radio Free Africa.

Kabla hujarudisha kiti, piga picha ya betri na fyuzi uitume kwenye simu ya mama yako, yangu kioo kimepasuka. Nikishaiona ndipo ufunge.

Baba yako