Shukrani kwa kaka wa Raskazone

Kaka, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Jioni ile ufukweni Raskazone, Tanga, ulituonyesha kinukta cheupe kikipanda kutoka kusini-magharibi, hakipepesi wala hakina mlio. Binti yangu akabisha: ndege hiyo! Ukamweleza bila haraka kuwa ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kiko juu kama kilomita 400, kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Huku kwetu giza limeingia, huko juu jua bado linakipiga, ndiyo maana kinang'aa. Kabla hakijafika upeo wa mashariki kikafifia, kikapotea: kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Watoto walipiga vigelegele kama wako harusini.

Na mtandao ulipokatika (Tanga yetu hii!), ukamwambia binti yangu amguse yule dinosaria wa Chrome (kile kivinjari cha intaneti) anayetokea kwenye kioo cha simu. Kumbe ni mchezo: anakimbia, anaruka madungusi kakati! Miaka yote nilidhani ni picha tu.

Sasa simu yangu siioni tena, na bando likiwepo binti anazima data makusudi. Hilo deni ni lako, kaka. Ukipita tena, madafu nalipa mimi.