Barua kwa mwanangu: jiko la masika

Asalaam aleykum mwanangu,

Voisi yako nimeiskiliza, dada yako kacheka kusikia wewe ndo unapika sa hivi, mie sijacheka. Umesema hoteli wamefunga mpaka watalii warudi mwezi wa sita, mshahara hakuna, mkeo ndo anatoka kwenda kazini na wewe umebaki nyumbani na watoto wanne na pesa ya matumizi inakwisha wiki haijafika nusu. Ukaniuliza, mama nipike nini. Basi nakuandikia kwa maandishi maana voisi utaifuta, hii iweke, na mkeo muoneshe, akitaka kusahihisha asahihishe, yeye Mmakunduchi, ana mapishi yake.

Kwanza nikwambie pesa yako inapopotelea. Umenambia mchana ni wali na samaki wa kukaanga, kipande kwa mtu. Hicho kipande kwa mtu ndo kinachokumaliza baba. Watu sita vipande sita, kila siku, na mafuta ya kukaangia juu yake. Na huu ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, ngarawa leo zinatoka kesho hazitoki, samaki mbichi lazima apande bei, hata huku Pemba anapovuliwa mbele ya macho amepanda. Sasa wewe wa Fuoni, huko Unguja, utashindana na nani? Miezi hii samaki aingie ndani ya mchuzi aache harufu na utamu, asikae juu ya sahani kama bwana harusi. Ukilielewa hilo tu, mengine yote ninayokuandikia hapa chini ni mepesi.

Kwa hivyo anza na mseto. Najua mlikuwa mkinuna utotoni nikipika mseto, lakini hakuna chakula cha nazi kinachokaa tumboni kama kile. Mchele vikombe 3, chooko (wengine wanaita choroko) kikombe 1 na nusu, yani chooko nusu ya mchele, hapo watu sita wanakula na kama hamna mgeni unabaki ukoko wa watoto kugombania. Mchele chukua ule wa mapembe, kwa mseto hayana neno, ule wa Mbeya muache mpaka Idi. Chooko zichague vizuri kwenye sinia, zina vijiwe hizo, alafu zioshe uzichemshe na maji matupu, huna haja ya kuroweka. Usitie chumvi mwanzo. Zitazame, zikianza kupasuka maganda lakini bado punje inaonekana ndo wakati wenyewe, ukizipitiliza zinakuwa uji na mseto unakuwa wa mgonjwa. Hapo mimina tui la pili, lile jepesi, tia chumvi, likichemka tia mchele uliokwisha kuoshwa, koroga mara moja uuache. Ukianza kukauka ndo unatia tui zito, unageuza na mwiko kutoka chini, unafunika, moto mdogo. Kama unatumia seredani toa makaa chini upalie juu ya kifuniko, kama ni gesi punguza mpaka mwisho na usifunue funue kuchungulia. Watu wa afya wanasema nafaka na kunde zikiliwa pamoja zinakamilishana, kinachokosekana kwenye mchele kimo kwenye chooko, kwa hivyo hata siku usipopata samaki kabisa watoto hawakulala na wanga mtupu.

Cha kulia mseto ni mchuzi wa papa mkavu au ng'onda. Kipande sawa na kiganja chako kinatosha sufuria nzima. Kiroweke chumvi itoke, kichemshe, kichambue nyuzi nyuzi, alafu vitunguu, thomu, tungule (nyanya) mbili tatu, bizari kidogo, ukwaju, na kama tui limebaki tia. Harufu yake jirani atajua leo kwenu kuna kitu. Siku huna hata ng'onda fanya chatne ya embe mbichi na pilipili, au mbirimbi kama kuna mti mtaani, hazinunuliwi hizo, unaomba.

Nazi sasa, mana naona unatumia vibaya. Mkeo kanambia unanunua tui la boksi. Yakhe! Mtoto wa Pemba! Nazi moja ukiikuna vizuri ikamuliwe mara tatu. Ya kwanza na maji kidogo sana ya vuguvugu, hilo ni tui zito liweke pembeni. Ya pili na ya tatu maji zaidi, hayo ndo ya kuchemshia. Ukiwa na nazi mbili kwa siku, moja ya mchana moja ya jioni, chakula chochote kinakuwa chakula. Ukitumia blenda sawa lakini usitie maji ya moto sana, na chujio liwe la nguo. Machicha mpe jirani mwenye kuku, siku moja atakukumbuka na mayai. Vifuu usitupe, vinawaka vizuri kuliko makaa mengine ya mfuko.

Ila jambo moja, chakula cha nazi hakilali. Joto la huko na huna friji ya uhakika, kikifika asubuhi kishachacha, na ukiwapa watoto utaipeleka ile pesa uliyobana yote hospitali. Pika kinachoisha.

Dagaa. Nakwambia kitu ambacho watu wa mjini hawakitazami: angalia mwezi juu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo siku za giza wavuvi wanatoka wengi na dagaa wanajaa, mwezi ukiwa mpevu taa haifanyi kazi wanakaa nyumbani, dagaa wanaadimika na wachuuzi wanajipangia bei. Wewe nunua siku za giza, nunua wakavu wa kutosha, watandaze juani tena nyumbani nusu siku kabla hujawatia kwenye ndoo yenye kifuniko. Na ununue mapema kabla hawajabeba wenye magunia, dagaa wetu sa hivi wanakwenda mpaka Kongo. Kuwapika, watoe vichwa ukiweza, waoshe maji ya moto mara mbili mchanga utoke, mana dagaa wa mchanga mtoto akishamtafuna mara moja hali tena mwaka mzima. Kaanga na mafuta kidogo mpaka wakakauke, alafu ndo vitunguu na tungule na ndimu mwisho. Hao na ugali wa sembe na mchicha ni chakula cha jioni kisichokuwa na maneno.

Maharage ni rahisi ila gesi ndo inayoliwa. Roweka usiku, asubuhi yamwage yale maji, chemsha na maji mapya moto mkali kwanza yachemke hasa, usiyaache yakivuma vuma tu kwenye moto wa chini tangu mwanzo, maharage mabichi mabichi yanaumiza tumbo. Mie ninayachemsha mengi kwa vifuu na makumbi nje, bila nazi. Nusu yanaliwa mchana na wali, nusu yanatiwa nazi jioni na boflo au mkate wa kusukuma. Kwa sababu ile nusu ya pili haijatiwa nazi, haiharibiki haraka, ichemshe tena tu kabla ya kuitia tui. Mbaazi vivyo hivyo, na asubuhi mbaazi za nazi na mandazi zinawapeleka watoto mpaka saa saba bila kuulizia andazi la dukani.

Sasa muhogo. Hapa ndo najua utanitolea sababu. Watoto hawapendi, jirani ataona, mlo wa mchana muhogo utadhani tumefilisika. Kwani nani kakwambia muhogo wa nazi ni wa kufilisika? Haohao wageni wako wa hotelini wanalipa kuonjeshwa. Bibi yako mwanzoni mwa miaka ya 1970, zile zama za foleni za mchele na unga, watoto wake wote aliwalea kwa muhogo, majimbi na ndizi, na baba yako ndo huyo alikuwa akikwea mikarafuu mpaka juzi juzi. Aibu inakula pesa nyingi kuliko tumbo mwanangu, mie naona watu wananunua kuku nusu wamuonyeshe mtu ambaye hata hakuingia ndani.

Menya muhogo ule utoe na ganda la ndani lile la pinki, upasue utoe mti wa katikati, chemsha na chumvi mpaka utoke ufa, maji mwaga, alafu tui la pili lichemke nao, la kwanza mwisho na kitunguu na pilipili nzima isipasuke. Ukiununua usioujua muulize muuzaji ni mtamu au mchungu, ule mchungu una sumu, si wa kuchemsha na kula, na watoto wasiutafune mbichi hata kama ni mtamu. Kisamvu nacho ukitwange hasa na ukichemshe sana bila kukifunika kabla ya kutia nazi. Shelisheli likija msimu fanya hivyohivyo kama muhogo, au lichome, wale wadogo watalipenda kuliko chipsi.

Dukani usinunue vya kupima pima. Mafuta ya kifuko, sukari ya robo, mchele wa kilo moja leo kilo moja kesho, hapo unamjengea mwenye duka nyumba. Changa na jirani yako mnunue mfuko wa mchele mgawane, mafuta dumu la lita tano, chooko pishi nzima. Bei sikuandikii, ukishaisoma itakuwa imepanda. Sokoni nenda jioni wanapotaka kufunga, fungu la tungule zilizolainika unapewa kwa nusu, za mchuzi hizo hazina kosa. Na ule urojo wa kila jioni mpunguze, watoto wanne kila mtu na bakuli lake, hebu piga hesabu mwenyewe, mie nisije nikaitwa mchoyo.

Nimekutayarishia mzigo, utaondoka na boti ya Alkhamisi kutoka Mkoani. Kuna muhogo mtamu wa shamba letu, majimbi, nazi ishirini zilizofuliwa, papa nimemfunga kwenye karatasi mbali na vitu vingine mana utanuka mji mzima, na fungu la mbirimbi za mkeo kaniomba. Kijana atakayeuleta nimempa namba yako, nenda bandarini mapema usimuache anahangaika. Muhogo upike wa kwanza, siku mbili tatu ukishachimbwa unaanza mistari meusi ndani, majimbi yanaweza kungoja. Na lile gunia la mkonge na kapu nirudishieni na kijana huyohuyo, si langu, la watu.

Wasalimie wajukuu zangu, mkubwa mwambie ajifunze kukuna nazi, mbuzi hachagui mwanamme wala mwanamke.

Mama yako, Wete