Kwa mdogo wangu wa Kampala, kabla hujaagiza vile vikombe

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza huku nachambua mchele, nikacheka mpaka mawe yakanipita. Unauliza kama vikombe vitatu vya kuchapishwa picha pale Nasser Road, kwa wachapaji, vinatosha kuwa zawadi ya shukrani kwa walimu wa P.7, darasa la saba, wanaomfundisha mtoto wako mkubwa, au uongeze na fulana. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu muhula huu wa tatu si wewe peke yako unayepiga hesabu hizo.

Vikombe achana navyo. Siku ukija huku kwangu Bombo, mwombe mama mdogo akufungulie kabati lake la vyombo. Tangu alipokuwa kazini, akifundisha, amerundikiwa vikombe vya "mwalimu bora", vingine havijatolewa hata kwenye boksi, na yeye chai yake anakunywa kwenye kikombe cha bati. Muulize nani alimpa kipi, atakujibu tu, "Wazazi." Kisha mwambie akushushie lile kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Humo kuna karatasi za madaftari. Moja ni ya daftari la hesabu, la mirabaraba, imekunjwa mara mbili. Juu amechorwa kuku mwenye vidole vitano kila mguu. Ndani, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: "Mwalimu asante ulinishonea kifungo." Basi, hakuna zaidi. Aliyeandika sasa ni baba mzima, anaendesha taksi ya Bombo na Kampala, na mama mdogo anamjua yeye, baba yake, na hata rangi ya uzi alioutumia siku ile.

Kwa hiyo kadi waandike watoto wenyewe, na kazi yako iwe swali moja tu: mwalimu alikufanyia nini wewe? Usikubali jibu la "alinifundisha vizuri". Subiri. Mtoto atazunguka, atasema hajui, atakwenda kunywa maji, halafu atakuja na kitu ambacho hukukijua: alinibeba siku ya mvua, alinipa nusu ya muhogo wake, hakunicheka niliposoma vibaya. Hicho ndicho kiandikwe. Makosa ya herufi yaache, maana mwalimu anazijua herufi za mwanafunzi wake, na mwandiko wa mzazi ataugundua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililoniudhi kidogo katika ujumbe wako. Umewataja walimu wa P.7 peke yao. Najua ndivyo ilivyo nchi nzima. Januari matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka, mtoto akipata daraja la kwanza, au Mungu akimjalia ile jumla ya 4 katika masomo manne, yaani 1 iliyo bora kabisa kwa kila somo, mbuzi anachinjwa na mwalimu wa hesabu anabebwa juu juu. Sina ugomvi naye, mtu huyo anakesha kweli. Lakini huyo mtoto wako mkubwa nani alimfundisha kushika penseli? Nani alimwonyesha kwamba kitabu kinafunguliwa upande huu na si ule?

Na kitinda mimba wako je? Aliingia P.1 Januari 2022, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa korona tangu Machi 2020. Watoto wa miaka sita na wa miaka minane walibanana benchi moja, wengi hawajawahi kuona ubao. Mwalimu wake, wewe mwenyewe uliniambia, alikuwa ametoka kukaanga chapati kando ya barabara kwa sababu shule ya binafsi aliyokuwa akifundisha haikumlipa kipindi kile chote. Akafuta mikono, akarudi kuwafundisha a, e, i, o, u. Huyo bado yuko palepale kwenye P.1, na kadi ya kwanza ningeipeleka kwake. Watoto wote wawili waandike, hata kama mkubwa hakufundishwa naye. Amwandikie kwa ajili ya mdogo wake.

Nakusikia ukisema kadi haijazi sufuria. Kweli haijazi. Mwaka 2022 serikali ilipowapandisha walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwalimu wa msingi wa Grade III, mwenye cheti tu, alibaki kwenye karibu laki 5, wakagoma Juni ile na wakarudi darasani bila kitu. Deni hilo ni la serikali, tusijidanganye kwamba sisi tutalilipa kwa rangi na gundi. Ila zile pesa za vikombe zinanunua sukari kilo kadhaa na mche wa sabuni. Funga pamoja na kadi, mpe mkononi. Hakuna mwalimu atakayekiweka kilo cha sukari kabatini kama pambo.

Vifaa usiende kununua karatasi za kumetameta. Tafuta maganda makavu ya mgomba, yale watoto wanayosukia mipira. Yaloweshe kidogo yalainike, yafute, yapange chini ya vitabu vizito usiku kucha yanyooke. Asubuhi utaona yana rangi zake zenyewe: ya maziwa, ya chai, ya kahawa, mengine na mistari myeusi. Mtoto akate umbo, nyumba au ng'ombe au mwalimu mwenyewe, abandike juu ya karatasi ngumu ya manila. Kadi za namna hiyo watalii wanazinunua soko la sanaa la Buganda Road, na wewe unazitupa nyuma ya jiko.

Mkubwa, kwa kuwa vidole vyake vimekomaa, afanye shanga za karatasi. Kalenda ya zamani, au bango la kampeni ambalo mwenyewe ameshashinda au kushindwa na halihitajiki tena ukutani. Akate vipande virefu vya pembe tatu, vipana upande mmoja na vyembamba kama ncha ya sindano upande wa pili. Aanze kuviringisha upande mpana kwenye kijiti cha kuchokolea meno, akaze, amalizie na gundi kwenye ncha, kisha vanishi. Akilegeza, shanga inafumuka. Akikata pembe mbovu, inakaa upande. Sikio la mheshimiwa linaweza kutokea katikati ya shanga, na hilo ni zawadi juu ya zawadi.

Lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ni zuri na UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, lakini kama mwalimu ni Mganda wa makamo uliza kwanza. Wengine bado wanaliona kama sanda, kwa kuwa ndilo linalofungiwa maiti. Tusimshukuru mtu kwa kumkumbusha kaburi.

Lini? Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba, imekuwa ikiadhimishwa tangu 1994. Inaangukia vizuri, wiki chache kabla ya PLE ya Novemba. Walimu wa P.7 wapewe siku hiyo, usingoje matokeo. Ukingoja Januari unakuwa umewashukuru kwa alama, na mtoto akianguka utaona haya kwenda, wakati kazi waliifanya ileile. Tena mtihani ule unasahihishwa na UNEB, baraza la mitihani la taifa, si wao, kwa hiyo hakuna atakayekunong'ona. Kwa kitinda mimba ni tofauti. Mitihani yake anaisahihisha mwalimu wake wa darasa mwenyewe, na bahasha nono kabla ya mtihani ina harufu. Kadi na shanga peleka Oktoba, sukari na sabuni zingoje siku ya kufunga shule.

Kingine kidogo: shule yao imempata mwalimu wa Kiswahili, na watoto wako Kiswahili wanakiongea nyumbani kuliko hata yeye. Wamwandikie kwa Kiswahili, lakini waambie wasimsahihishe.

Walete Jumamosi. Maganda ya mgomba nimeshayapanga chini ya kabati, manila ninayo, kalenda zipo. Vanishi nunua huko huko, na uje na gundi, ya hapa imekauka. Wembe usimpe kitinda mimba hata akilia.

Dada yako,
Bombo