Usikariri Jedwali, Soma Majirani

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba jedwali la elementi limekushinda, eti majina ni mengi na kila elementi ina tabia zake. Majina ni mengi kweli, yamefika 118. Lakini aliyekuambia ukariri tabia za kila moja amekutwisha mzigo wa bure.

Shika safu ya kwanza kushoto, ushuke nayo kuanzia lithiamu. Lithiamu ukiitia majini hutoa mapovu tu, taratibu. Sodiamu huyeyuka ikawa kitone kinachokimbia huku na huko juu ya maji. Potasiamu nayo hulipuka moto papo hapo, mwali wa zambarau. Atomu za zote tatu zina elektroni moja, yaani chembe ndogo inayozunguka kiini cha atomu, kwenye ganda la nje, ndiyo maana zinafanana. Ila kadiri unavyoshuka, elektroni hiyo hukaa mbali zaidi na kiini, na zile za ndani huikinga na mvuto wake, hivyo hutoka kwa urahisi zaidi. Ukilielewa hilo, huhitaji kuambiwa rubidiamu itafanya nini majini. Utarudi nyuma mwenyewe.

Dmitri Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alitabiri hivyo hivyo kabla hata elektroni hazijajulikana. Katika jedwali lake la 1869 aliacha nafasi wazi, na mwaka 1871 akaeleza tabia za elementi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Ya chini ya alumini alisema densiti yake itakuwa kama gramu 5.9 kwa kila sentimita ya ujazo. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaigundua, ndiyo galiamu, akaipima akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hata kuigusa hajaigusa, akasema sampuli hiyo si safi, ipimwe upya. Ikasafishwa, ikapimwa: 5.9. Ujeuri wa aina hiyo naupenda, kwa sababu ulikuwa na hesabu nyuma yake.

Sasa usije ukaliamini jedwali kama mganga. Chukua safu ya oksijeni, uangalie elementi zake zikiungana na haidrojeni. Kampaundi ya teluriamu na haidrojeni huchemka kwenye nyuzi -2, ya seleniamu -41, ya salfa -60. Fuata mteremko huo, utasema ya oksijeni itachemka karibu na -80. Nayo ni maji, yanayochemka kwenye 100! Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kupitia haidrojeni zao, kwa nguvu ambayo zile nyingine hazina. Usingetabiri kwanza, usingeona kwamba maji yana ajabu yoyote. Ungemeza namba 100 ukaendelea na safari.

Basi jaribu hili, kitabu kikiwa kimefungwa. Lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi 181, sodiamu 98, potasiamu 63, siziamu 28. Rubidiamu iko kati ya hizo mbili za mwisho. Ukichukua wastani wao utapata 45 na nusu, na najua utataka kuishia hapo. Usiishie. Tazama kwanza mapengo yanavyopungua kutoka juu kwenda chini, halafu uamue kama jibu liko juu ya wastani huo au chini yake, na kwa kiasi gani. Niandikie namba yako pamoja na sababu, ndipo ufungue kitabu.

Baba yako