Kamba ya mita 60

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Huku Magu tu wazima. Hongera kwa ukatibu wa Jumuiya ya Watumia Maji.

Ugomvi wa kwanza utakuwa wa mita 60. Sheria ya maji ya 2009 inataka zisiguswe kando ya mto, ila kiangazi mto wetu wa Simiyu ukibaki madimbwi, kila mtu hupima kuanzia kwenye maji, kisha analima hadi kwenye kingo. Anzieni pale mto unapofika masika: utapajua kwa takataka zilizonasa vichakani. Wazee wakiiita sheria ya mjini, usibishane nao. Waambie ni ngitili ya mto, kama ile tunayotengea malisho ya kiangazi. Ngitili wanaiheshimu tangu zamani, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati anajua atakavyoulizwa.

Palipolimwa, rudishieni matete mvua zinapoanza. Kipande kiwe na vifundo vitatu, viwili viingie ardhini, kilale mshazari. Mistari ikinge mteremko. Ikifuata mteremko, maji hupita katikati na udongo. Yakipandwa mvua zikikaribia kuisha hukauka. Mikaratusi msiipokee hata ya bure, inakunywa mno.

Ng'ombe lazima wanywe. Wapeni njia moja, iliyotandikwa mawe, ishuke kiubavu. Njia ya kunyooka moja kwa moja mtoni hugeuka korongo.

Kwenye mchanga usilegeze hata kidogo. Ule ndio tangi letu la kiangazi. Akina mama wanafukua humo wanapata maji. Malori yakiuzoa, sakafu ya mto inashuka, maji ya visima vya jirani yanashuka nayo, na kingo zinaporomoka kwa kukosa egemeo. Hapo hata matete yenu yataondoka.

Halafu kuna samaki, ningu. Masika hupanda mto kutoka Ghuba ya Speke, ziwani Victoria, kwenda kutaga, na nyavu zikikinga mdomo wa mto zinakamata majike yenye mayai tumboni. Wavuvi wa ziwani hawamo kwenye jumuiya yenu, basi nendeni kwa BMU, vikundi vinavyosimamia uvuvi mialoni, mzungumze kabla ya msimu.

Uliniuliza habari za Wamaori wa mto Whanganui. Wao husema, mimi ni mto, na mto ni mimi. Machi 2017 bunge la New Zealand liliutambua mto huo, kama kilomita 290 kutoka milimani hadi baharini, kuwa na haki kama mtu. Wasemaji wake ni wawili, mmoja wa upande wa koo zake, mwingine wa serikali. Ni jambo kubwa, ila maji yanayochepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme sheria hiyo haikuyarudisha. Kwetu mto haujapewa utu kisheria. Una jumuiya yenu, na mihtasari utakayoiandika wewe. Andika jina la shamba, tarehe na vipimo, mwenye shamba atie sahihi palepale.

Pimeni Septemba, kabla watu hawajatifua. Kamba ya katani ikilowa hufupika, ipimeni upya kila mnapotoka. Na ikae kwako, maana mwenyekiti wenu ana bustani ukingoni.

Mama yako