Barua ya wazi kwa wasimamizi vijana wa Tanga: mtu hafokewi grupuni

Wanangu mliopewa vyeo, wa bandarini, wa viwandani Pongwe, wa mashamba ya mkonge, wa maduka ya jumla Ngamiani na wa maofisi ya Chumbageni, nawasalimu.

Barua hii ina hasira ndani yake, nisiwafiche. Kuna sauti ya WhatsApp imezunguka mjini hapa. Msimamizi kijana anamfokea mtunza stoo mwenye umri wa baba yake, ndani ya grupu la kazi, wenzake wote wakisikia, kisa hesabu ya magunia kwenye leja haikulingana na mzigo. Humo ndani hamna shikamoo. Mna "umezeeka", "wewe mzigo tu" na "nitakutoa". Tangu mwanzo wa sauti hadi mwisho hakuna mahali alipouliza hesabu ilikosewa wapi. Sitataja kampuni wala jina, maana wengi wenu mnafanya yale yale, ila hamjasambazwa. Kilichonikera kuliko sauti yenyewe ni walioandika chini yake: "Safi bosi, hao ndiyo dawa yao."

Dawa ya nini? Magunia yaliongezeka?

Mnakwenda semina, mnarudi na vyeti na akili ya hisia midomoni, mkidhani ni kuchekacheka na watu. Peter Salovey na John Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, walipoieleza mwaka 1990 walizungumzia uwezo: kuzifuatilia hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, kisha kuzitumia katika kufikiri na kutenda. Ni kazi ya kichwa. Wala haishiki nafasi ya ujuzi. Msimamizi wa kreni asiyejua uzito wa mzigo ataua mtu hata akiwa mpole kama nini. Mhasibu anayeshinda peke yake na vitabu vyake ataihitaji kidogo. Msimamizi wa zamu hawezi kuishi bila hiyo, kwa sababu kila anachokizalisha kinapita kwenye mikono ya watu wengine.

"Hasira hasara" mnaisema tangu utoto, lakini hamuipigii hesabu. Tuipige. Mtu wako analipwa shilingi 450,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki. Saa yake moja ni kama shilingi 2,300. Umemfokea, ameondoka, na nafasi imekaa wazi wiki 3. Hizo ni saa 135 za kufidiwa na wenzake, na saa ya ziada kwa sheria hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 3,450. Jumla 465,750, wakati mshahara wa aliyeondoka kwa wiki hizo ungekuwa 310,500. Tena sheria haikuruhusu kumpa mtu mmoja zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki 4, kwa hiyo umewachosha watu watatu kwa ajili ya ulimi wako. Bado hujamfundisha mpya, na huyo naye atakosea leja ile ile miezi yake ya mwanzo.

Hiyo ni hasara yenye risiti. Kubwa zaidi ni ile isiyo na risiti: watu kuficha. Chukua kiwanda cha korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge kutoa nyuzi. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na jani lililokatwa halisubiri. Likilala siku mbili tatu limeanza kukauka na nyuzi zinaharibika. Fundi akisikia beringi inalia alfajiri, atasema au atanyamaza? Kama juma lililopita aliyesema aliitwa mjinga mbele ya kundi, atanyamaza, amwachie wa zamu ya mchana. Mchana beringi inakufa, korona imesimama, majani yamelundikana uwanjani, na msimamizi anapiga kelele upya akitafuta mzembe. Mzembe amevaa viatu vyake mwenyewe.

Sasa sikilizeni namna ya kumsahihisha mtu, maana hapa ndipo mnapoharibu.

Anza na mwili wako. Hasira ikipanda, moyo unakwenda mbio, taya zinakaza, pumzi inakuwa fupi, na adrenalini imeshaingia kwenye damu. Katika hali hiyo kichwa kinaona kosa tu, hakioni sababu. Usishike simu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, iachie kwa hesabu ya 6, dakika mbili tatu, halafu tembea hadi getini urudi. Mwili unahitaji kama dakika 20 kutulia, na kwa wengine zaidi. Isipokuwa pakiwa na hatari: mtu yuko chini ya mzigo unaoning'inia, piga ukelele wako wote. Hapo hakuna adabu ya kusubiri.

Ukishatulia, usiliache likalala sana. Siku ile ile au kesho yake asubuhi. Likipita juma umeshaligeuza kinyongo, na yeye ameshasahau alichofanya. Chagueni saa. Si dakika za mwisho za zamu mtu akiwaza daladala. Si Ijumaa adhana ikikaribia. Na mwezi wa Ramadhani, aliyefunga usimwite alasiri. Njaa na kiu vinapunguza subira yake, na yako pia kama umefunga. Asubuhi inatosha.

Mahali pawe pembeni na watu, lakini si kwenye chumba cha vioo kila mtu akitazama midomo. Kaeni wote wawili. Bosi aliyesimama juu ya mtu aliyekaa hajaanza mazungumzo, ameanza kesi. Kama ni mwanamume na mwanamke, mlango ubaki wazi.

Kisha salamu. Ndiyo, wewe ndiwe bosi, na yeye ana miaka 58, na shikamoo inatoka kwako. Cheo hakikuzidishii umri. Vijana wengine mnaogopa kwamba mkiamkia mtapungukiwa. Anayepungukiwa ni yule ambaye wazee wa stoo wanamwitikia "ndiyo bosi" na kuguna akishageuka.

Baada ya salamu taja ulichokiona, kwa idadi: "Leja ya jana ina magunia 212, stooni nimehesabu 230." Basi. Usiseme "wewe kila siku", usiseme "nyie watu wa hapa". Halafu uliza: "Ilikuwaje?" Unyamaze. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda wengi, mnauliza na kujijibu wenyewe. Hesabu kimya kimya mpaka 10. Mara nyingi jibu la kweli linakuja baada ya jibu la kwanza: lori liliingia giza limeshashuka, taa ya stoo imeungua tangu wiki jana, karani wa upande wa pili aliandika kwa penseli. Ukilisikia, umepata kitu cha kurekebisha.

Tena jueni watu wa pwani. Mstaarabu atakwambia "sawa" ili muachane salama, si kwamba amekubali. Ukisikia "sawa" tatu mfululizo, macho yako chini na majibu yamefupika, hujafika. Mwombe akueleze yeye mwenyewe atafanyaje kuanzia kesho. Kubalianeni jambo moja, si saba, liandikwe mistari miwili na tarehe ya kuliangalia tena. Yote hayo hayavuki robo saa.

Na kama kosa ni la nidhamu kweli, wizi au ulevi kazini, hapo usifoke kabisa. Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007. Mtu anaelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, anapewa muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na anaruhusiwa kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake. Ukimfukuza kiholela ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na sauti yako ya WhatsApp ataibeba kwenye simu yake.

Mengine nayataja tu. Sifa nzuri itoe mbele za watu, tena utaje kazi yenyewe. Usitume ujumbe wa kazi saa nne usiku. Jua kinachokuwasha wewe, kama ni njaa, kuchelewa au kudharauliwa, na siku hiyo ukae mbali na maamuzi. Mfiwa mpe ruhusa kabla hajaomba mara ya pili.

Lakini sitawalaumu ninyi peke yenu. Mkoa huu ulijengwa na mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na wanyapara waliowasimamia manamba, vibarua wa mashamba hayo, walipewa kelele kama chombo cha kazi. Wazungu wa mashamba wakaondoka, kelele ikabaki. Ikaingia madarasani na kiboko, ikaingia maofisini na tai. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, ulimpiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakaishika ibara ile wakagoma dhidi ya mameneja waliowatukana. Leo nani anaikumbuka? Tunampandisha mtu cheo kwa shahada yake, au kwa kuwa mpwa wa fulani, tunampa watu 30 asubuhi ya Jumatatu, na hakuna aliyekaa naye hata siku moja kumwonyesha jinsi ya kuzungumza na mtu aliyekosea. Halafu mkurugenzi anayemfokea yeye mbele ya wenzake anashangaa kautoa wapi ule mdomo.

Wakurugenzi, msipandishe mtu kabla hajakaimu zamu miezi mitatu, na mwisho wake waulizeni walio chini yake, mmoja mmoja, bila yeye kuwapo.

Na wewe mwenye sauti ile, najua itakufikia. Radhi inaombwa pale pale kosa lilipotendeka, na wewe ulitukana grupuni. Kwanza mwendee mzee mwenyewe, ana kwa ana, umwombe. Akikubali, andika grupuni mistari mitatu: nilimwambia mzee fulani maneno haya, nilikosea kwa kumvunjia heshima mbele yenu, kuanzia sasa hesabu zikigongana nitazungumza na mhusika pembeni. Neno "lakini" lisiwemo, wala "kama nimemkwaza". Kisha rudi naye stoo mhesabu magunia pamoja, kwa sababu hesabu ile bado haijulikani ilikosewa wapi.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga